Nyumba Zilizopigwa Picha kwa Sababu Nyingine

Ndani ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, Namba 10 ya 1964, kuna mwaka mmoja ambao wakazi wengi wa Singida hawajawahi kuusikia, ingawa umeamua mengi kuhusu mkoa wao. Mwaka huo ni 1863. Jengo lililosimamishwa kabla yake linahesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale bila mtu kuliombea. Lililojengwa baadaye linasubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipolitangaza, mbele ya sheria hiyo ni nyumba tu, na anayetaka kuing'oa paa au kuivunja hadaiwi hata picha moja ya ukumbusho.

Sasa hesabu majengo makongwe ya Singida. Maboma ya Wajerumani yalianza kujengwa huku bara miaka ya 1890. Vituo vya Reli ya Kati vilifuata, maana reli ilivuka Manyoni na Itigi kabla ya kuingia Tabora mwaka 1912. Nyumba za kwanza za wamisionari wa Kilutheri Iramba ni za karne ya 20. Maduka ya Wahindi na Waarabu yenye baraza na mabati ya zamani, hivyo hivyo. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1963, karne moja kamili baada ya mstari wa sheria. Karibu kila ukuta ambao mzee wa Singida angekuonyesha na kusema "huu ni wa zamani" umeangukia upande usiolindwa.

Tuanze na Kilimatinde, wilayani Manyoni. Mji huo uko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake nchi ya Ugogo imetandaa hadi macho yachoke. Misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Tabora ilipanda ukingo huo kabla ya kuingia nyika kavu iliyokuwa mbele, kwa hiyo Wajerumani walipotaka kuishika njia, walijua pa kukaa. Waliweka kituo cha kijeshi, wakajenga boma, na kwa miaka kadhaa Kilimatinde ikatawala eneo kubwa. Kisha reli ikapita kando. Mamlaka yakahamia Dodoma, baadaye Manyoni ikawa makao ya wilaya, na Kilimatinde ikabaki na hospitali na chuo cha uuguzi cha Kanisa Anglikana. Ukimtajia mtu wa Dodoma jina la Kilimatinde leo, atakwambia habari za wauguzi kabla hajafika kwenye boma.

Mkalama, kituo kingine cha Wajerumani chenye boma, nayo ilipata umaarufu wa aina yake. Mwaka 1912 mwanajiografia Erich Obst, aliyetumwa na chama cha jiografia cha Hamburg, alichapisha taarifa ya safari yake kutoka Mkalama hadi nchi ya Wahadzabe, na jina la kituo hicho kidogo likasomwa na wataalamu wa Ulaya wakati watu wengi wa Dar es Salaam walikuwa hawalijui. Baadaye utawala ulihamia Kiomboi. Wilaya ya Mkalama ilipozaliwa upya mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iramba, makao makuu yakawekwa Nduguti. Jina likarudi, ofisi hazikurudi.

Hao Wajerumani waliojenga maboma walitoka katika nchi iliyokuwa tayari imeligeuza suala la kupiga picha majengo kuwa idara ya serikali. Mwaka 1858 kijana mmoja aitwaye Albrecht Meydenbauer alipewa kazi ya kupima kanisa kuu la Wetzlar. Akiwa juu ya uso wa jengo aliponea chupuchupu kuanguka, na hofu hiyo ikamzalia wazo: kwa nini mtu ahatarishe shingo yake ukutani wakati picha iliyopigwa kwa hesabu sahihi inaweza kupimwa mezani? Ilimchukua zaidi ya robo karne kuwashawishi wakubwa. Mwaka 1885 Prussia ilimfungulia taasisi mjini Berlin, ambayo hadi mwaka 1920 ilikuwa na karibu picha 20,000 za vioo, nyingi zikiwa za makanisa na majumba ya kihistoria. Jengo likiungua au kubomoka, vipimo vyake vingetolewa kwenye kioo na kuta zingeinuka tena.

Ufaransa ilikuwa imetangulia. Mwaka 1851 serikali iliwatuma wapiga picha watano, miongoni mwao Gustave Le Gray na Édouard Baldus, wazunguke nchi nzima wakipiga majengo yaliyohitaji ukarabati. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, kwamba picha hutangulia nyundo, ilikuwa na umri wa nusu karne boma la Mkalama lilipokuwa bado na chokaa mbichi.

Lakini kanuni hiyo haikupanda meli kuja Afrika Mashariki. Huku picha zilipigwa kwa wingi, ila kwa shughuli nyingine. Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika koloni hili miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na baadaye kuifuata Vita ya Kwanza ya Dunia hadi msituni, alipiga maboma, masoko, stesheni na askari, na picha zake sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Mkusanyiko wa Shirika la Kikoloni la Ujerumani, wenye picha zaidi ya 50,000, umo katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Anayetaka kujua vituo vya bara vilikuwa na sura gani mwaka 1905 huanzia huko, na siku hizi anaweza kuanzia hata kwenye simu akiwa Singida mjini, mtandao ukiwa na hisani.

Angalia lakini picha hizo zinaonyesha nini. Ni uso wa boma tu, bendera juu, askari wamejipanga, afisa katikati. Zilikusudiwa kumwambia mtu wa Berlin kwamba nchi imetulia. Hakikuwekwa kipimo chochote cha kuonyesha unene wa ukuta. Hakuna anayeingia ndani kupiga chumba cha mahabusu, wala dari, wala mahali paa lilipoungana na jiwe. Fundi anayetaka kukarabati boma kwa kutumia picha hizo atajua bendera ilikuwa kubwa kiasi gani na asijue boriti zilikuwa za mti gani.

Walipigwa picha wenyeji pia, na nyumba zao. Eberhard von Sick, afisa wa kijeshi aliyekuwa Singida, aliandika juu ya Wanyaturu utafiti uliotoka mwaka 1915. Ludwig Kohl-Larsen alizunguka Isanzu na Ziwa Eyasi miaka ya 1930 akikusanya hadithi na mifupa. Mmarekani Harold Schneider aliishi kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Wote walikuwa na shabaha zao, kama kutawala, kukusanya, au kuelewa uchumi wa ng'ombe na ndoa. Kwenye kazi za namna hiyo nyumba hukaa nyuma, mtu akiwa mbele yake.

Utawala wa Waingereza ulileta sheria ya kwanza ya kuhifadhi kumbukumbu mwaka 1937, na Idara ya Mambo ya Kale ikaanzishwa mwaka 1957, mkuu wake wa kwanza akiwa Neville Chittick. Chittick alikuwa mtu wa pwani. Jina lake linakwenda pamoja na Kilwa, ambako alichimba kwa miaka mingi, na kwa kweli Kilwa ilistahili. Ila tabia ya idara iliumbwa pale: malikale ni misikiti ya matumbawe, makaburi ya nguzo, magofu yenye karne kadhaa mgongoni. Bara ilikuwa nchi ya michoro ya miambani na mifupa ya kale. Katikati ya mfupa wa Olduvai na msikiti wa Kilwa, nyumba ya mtu wa Singida haikuwa na rafu ya kuwekwa.

Mwaka 1964 mambo mawili yalitokea. Sheria yetu ilipita. Na mwezi Mei wasanifu na wataalamu wa hifadhi walikutana Venice wakaandika mkataba ambao kifungu chake cha 16 kinataka kila kazi ya uhifadhi iambatane na kumbukumbu za maandishi, michoro na picha, tena ziwekwe kwenye hifadhi ya taasisi ya umma ambako watafiti watazifikia. Sheria yetu ilijali zaidi vibali, uchimbaji na usafirishaji wa vitu nje ya nchi, na kwa taifa changa lililokuwa likiporwa vinyago hilo lilikuwa na maana. Suala la picha likaachwa kwenye busara ya maofisa.

Mstari wa mwaka ndio unaosumbua zaidi, kwa kuwa hausogei. Kenya waliweka 1895, na kwa hesabu hiyo mwanzo wa utawala wa Waingereza ukawa ndio mpaka. Afrika Kusini walifanya kitu cha akili zaidi: sheria yao ya urithi ya mwaka 1999 inasema jengo lolote lililozidi miaka 60 halibadilishwi wala kubomolewa bila kibali. Hawakutaja mwaka. Kila Januari inapoingia, kundi jipya la majengo linaingia ulinzini bila waziri kunyanyua kalamu. Kwa kipimo hicho, hata ofisi zilizojengwa Singida mkoa ulipoanza zingekuwa zimeshavuka.

Wamarekani nao wana utaratibu ambao unafaa kutazamwa kwa karibu, kwani ndio ulioigeuza picha kuwa sharti. Mwaka 1933, kazi zilipokuwa hazipatikani, Charles Peterson wa idara ya hifadhi za taifa alipendekeza wasanifu majengo wasio na ajira walipwe kwa kuchora na kupiga picha majengo ya kale ya nchi nzima. Kilichoanza kama kazi ya kujikimu kikageuka hazina inayotunzwa na Maktaba ya Bunge, na baadaye sheria ikazitaka taasisi za serikali kuu kuandaa kumbukumbu ya jengo la kihistoria kabla ya kulibadilisha au kulivunja. Masharti yao ni makali: filamu kubwa, iliyosafishwa ili idumu, na kipimo cha uimara wa nyaraka ni miaka 500. Wapo wakosoaji huko wanaolalamika kwamba picha zimekuwa leseni ya kubomoa, kwamba mwenye mradi hupiga picha zake nzuri, akakabidhi, kisha akaita tingatinga. Hoja hiyo ina uzito Marekani. Singida tungekuwa na bahati kama tungefikia hatua ya kulalamikia hilo, kwa kuwa hapa tingatinga huja peke yake.

Nchini mwetu, mahali palipokaribia utaratibu huo ni Zanzibar. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mpango mkuu wa mwaka 1994 ulitanguliwa na ukaguzi wa majengo, nyumba kwa nyumba. Sehemu ya mbele ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, jengo lile lilikuwa na karne nzima ya picha nyuma yake. Zipo zilizopigwa na studio za Wagoa kabla ya vita vya Agosti 1896, zipo za baada ya mizinga ya Waingereza, na zipo za baada ya mnara wa saa kujengwa mbele ya jumba. Anayelijenga upya hana haja ya kubuni. Tuseme boma la Mkalama likiporomoka usiku wa leo, mafundi wangekuwa na nini mkononi?

Hata hivyo maboma si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni tembe.

Tembe ni nguzo kwanza, udongo baadaye. Miti yenye panda huchimbiwa kwa mistari. Boriti hulazwa juu ya panda, mapau yakabananishwa juu ya boriti, nyasi juu ya mapau, na mwisho udongo unaoshindiliwa hadi paa linakuwa bapa, mahali pa kuanikia mtama na maboga. Ukuta hujazwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Uzito wa paa unabebwa na nguzo, kwa hiyo ukuta ukiliwa na mvua unaukandika upya na juu hapaguswi. Ndani ni giza, baridi mchana na joto usiku, na moshi wa miaka umezipaka boriti weusi unaong'aa ambao mchwa hawaupendi. Kwa nchi yenye jua kali, upepo wa nyanda za juu na mvua chache, hii ilikuwa hesabu iliyopigwa vizuri sana, na iliwatumikia Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na majirani zao kwa vizazi.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Katika nyanda za kati watu walihamishwa kwa malori, mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi, na kampeni ya nyumba bora ikasisitiza matofali na mabati. Tembe ikawa alama ya kubaki nyuma. Sitaki kuingia hapa kwenye ubishi wa Ujamaa, ambao una watu wake. Ninachosema ni kwamba maelfu ya nyumba za aina moja ziliondoka ndani ya miaka mitatu au minne, na hakuna ofisa aliyeagizwa kubeba kamera. Serikali hiyo hiyo, mwaka 1967, ilikuwa imefungua Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilijengwa ili zisisahaulike. Nia ilikuwepo. Ila nyumba ya mfano iliyojengwa kilomita mia kadhaa kutoka kwenye udongo wake haiwezi kukuonyesha namna familia moja ya Ilongero ilivyoongeza chumba baada ya mtoto wa tatu.

Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na boma la mkoloni. Uwanja wa mpira wa Singida, zamani Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa heshima ya mwanamke ambaye simulizi za Wanyaturu zinasema aliwashambulia Wajerumani kwa nyuki. Kwa nini tuyatunze majengo ya waliompiga vita? Hoja hii naiheshimu, lakini inaegemea upande wangu. Picha si ukarabati. Anayetaka boma livunjwe ana sababu zaidi ya mtu mwingine ya kutaka chumba cha mahabusu, matundu ya bunduki ukutani na mawe yaliyobebwa na watu wasiolipwa yawekwe kwenye kumbukumbu kwanza. Likishatoweka bila picha, kitakachobaki ni zile za Frankfurt, zenye bendera na afisa aliyenyooka.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Kila upande wa jengo hupigwa ukitazamwa moja kwa moja, kisha kutoka kwenye kona ili pande mbili zionekane pamoja. Fimbo ya vipimo iliyopakwa rangi mbili kwa zamu husimamishwa ukutani, ili hata miaka 80 baadaye mtu ajue mlango ulikuwa na kimo gani. Jua la asubuhi au la jioni ni bora kuliko la saa sita, maana mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha jiwe lilivyochongwa. Ndani, kamera hukaa kwenye kona. Halafu vitu vidogo: bawaba, komeo, misumari, chapa ya kiwanda kwenye bati, panda ya nguzo. Kwenye tembe, panda ndiyo picha ya kwanza ningeitaka, na itahitaji kurunzi. Mwisho huchorwa ramani ya sakafu yenye mishale na namba, ili picha ya 14 ijulikane ilipigwa wapi na ikielekea wapi. Na tafadhali, faili zisikusanywe kwa WhatsApp. Inazibana picha na kuzivua taarifa zake za tarehe na mahali, na mkusanyiko uliopitia huko unakuwa na sura nzuri na ushahidi nusu.

Nani azipige? Hapa ndipo watu hukata tamaa, wakidhani inahitajika idara mpya na bajeti mpya. Lakini nyumba za Singida tayari zinapigwa picha kabla ya kubomolewa, tena kwa sharti. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443 ambazo 1,147 ziko Tanzania, linakatiza Iramba, Mkalama na Singida. Reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora inapita Manyoni na Itigi. Miradi ya namna hii ina wathamini, na mthamini wa fidia hupita kaya kwa kaya, hupima, huandika aina ya ukuta na paa, na kwa kawaida humsimamisha mwenye mali mbele ya nyumba yake na kumpiga picha ili kesho asije mwingine kudai. Nyumba iliyoanguka bila fidia ndiyo isiyokuwa na picha.

Tatizo ni kwamba faili hilo limetengenezwa kwa ajili ya malipo. Upande mmoja tu ndio unaoonekana. Mtu anaziba mlango. Fidia ikishalipwa, jalada linafungwa na kwenda stoo ya mradi, nalo lina majina na namba za akaunti za watu, kwa hiyo ni halali lisifunguliwe kwa kila mgeni.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mthamini akishampiga picha mwenye nyumba, amwombe asogee. Apige pande tatu zilizobaki, fimbo ikiwa ukutani, na mbili za ndani, moja ikielekezwa juu kwenye paa. Picha hizo, bila jina la mtu na zikiwa na jina la kijiji, zipelekwe Nyaraka za Taifa pamoja na mchoro wa vyumba. Upande wa halmashauri, fomu ya kibali cha ujenzi tayari inadai michoro na uthibitisho wa umiliki. Kwa jengo lililozidi miaka 60 iongezwe safu moja ya viambatisho, na kibali kisitoke mpaka safu hiyo ijazwe. Hilo halmashauri zinaweza kulianza kwa sheria ndogo, bila kusubiri Bunge liuguse mwaka 1863.